Mashine ya Kufulia Ikigoma, Tuanze na Yale Tunayoyaweza



Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni kutengeneza mashine ya kufulia nguo pale pale ilipo, kwa mikono ya wenye nayo. Tunaliandika kwa sababu limetufundisha, na kabla ya kutufundisha lilitutia aibu.

Kituo kimoja tunachoshirikiana nacho huku Kibiti kilituandikia kwamba mashine yao ya kufulia imekufa. Mashine hiyo hufua mashuka ya wagonjwa na ya akina mama waliojifungua. Kwa muda wote ule mama wawili walikuwa wakifua mzigo huo wote kwa mikono, na mashuka yasipokauka kwa wakati mgonjwa hulala kwenye godoro tupu. Sisi ofisini hatukuuliza swali hata moja. Tuliketi tukaanza kuandika ombi la mashine mpya.

Kabla ombi halijatumwa, mmoja wetu alipita pale kwa shughuli nyingine akaomba aione. Maji machafu yalikuwa hayatoki. Ilipofunguliwa njia ya kutolea maji zilitoka nyuzi zilizosokotana, kifungo cha shati na sarafu ya shilingi 200. Ikawashwa, ikafua. Mama anayehusika na ufuaji alituambia kwa upole, "Wanangu, nilisema tangu siku ya kwanza kuwa imekabwa. Hakuna aliyekuja kutazama."

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Kibiti mjini ni karibu kilomita 140 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa. Anayetaka fundi wa mashine hizi au vipuri vyake, mara nyingi huishia Kariakoo. Kwa walioko delta safari ni ndefu zaidi. Mashine iliyoko upande wa Mbwera au Salale hupakiwa kwenye boti kwa kungoja maji yajae, hushushwa Nyamisati, ikapelekwa Bungu, ndipo ishike barabara kuu. Ikifika imegongwagongwa, na nauli yake huenda ikazidi bei ya kipuri kilichohitajika. Ndiyo maana mashine nyingi hazisafirishwi kabisa. Hufunikwa kitambaa na kuwekwa stoo, na kufua kunarudi mikononi mwa mama wale wale.

Tumejifunza kwamba mashine inayodhaniwa kufa mara nyingi imeziba, au imelegea, au imekosa maji ya kutosha. Mambo hayo matatu hayahitaji chuo.

Ifahamu mashine yako

Mashine zilizo nyingi kwetu ni za aina mbili. Ya kwanza ina mapipa mawili: moja la kufulia na jingine dogo la kukamulia. Mtumiaji humimina maji mwenyewe na kuhamisha nguo. Kila pipa lina mota yake, na maji machafu hutoka yenyewe kwa kuteremka. Ya pili ni ya otomatiki, ambayo huvuta maji, hufua, husuuza na kukamua bila kuguswa. Nyingi za aina hii zina pampu ya kutolea maji, na zile za mlango wa mbele kwa kawaida zina hita ya kupasha maji moto.

Yenye mapipa mawili ina vitu vichache vya kuharibika, nayo ndiyo rahisi kuitengeneza nyumbani.

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Toa maji yote, funga bomba, vaa viatu vikavu, na usifanye kazi hii ukiwa umesimama kwenye maji. Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi mbili, bapa na ya nyota, koleo, spana chache, tochi, beseni na matambara. Kila skrubu unayoitoa iweke kwenye kikombe. Kama una simu yenye kamera, piga picha kabla ya kuondoa kitu, ili ujue kilivyokaa.

Hitilafu tunazoweza kuzitatua wenyewe

1. Maji hayatoki. Kwenye mashine ya mapipa mawili, kwanza tazama mpira wa kutolea maji. Usiwe umekunjwa, na ncha yake iwe chini kuliko mashine, kwa kuwa hapa hakuna pampu. Kisha fungua kifuniko cha chujio kilicho ubavuni mwa pipa la kufulia, safisha nyuzi na uchafu, na hakikisha kizibo cha mpira kinainuka unapogeuza kitasa cha kutoa maji. Kwenye otomatiki ya mlango wa mbele, tafuta kijimlango kidogo chini upande wa mbele. Tandika matambara, weka beseni, na fungua chujio polepole kwa kuwa maji yatamwagika. Hapo ndipo sarafu, pini na soksi za watoto hujificha.

2. Maji hayaingii, au yanaingia kwa kusuasua. Hii ni ya otomatiki. Funga bomba, fungua mpira wa kuingizia maji nyuma ya mashine, na utaona kichujio kidogo cha wavu. Maji yetu yana mchanga na tope, hivyo wavu huu huziba upesi. Utoe kwa koleo taratibu, uusugue kwa mswaki wa zamani na uurudishe. Usiutupe, maana bila wavu huo mchanga utaingia kwenye vali. Kama wavu ni safi na bado maji hayaingii vizuri, pima urefu wa tangi. Mashine nyingi za aina hii zinahitaji msukumo sawa na wa tangi lililoinuliwa mita 3 hadi 5. Tangi likiwa juu ya matofali mawili, mashine itagoma hata kama ni nzima kabisa.

3. Mota inanguruma lakini nguo hazizunguki. Punguza nguo kwanza. Ikiendelea hivyo hivyo, zima mara moja na chomoa plagi, kwa kuwa mota inayonguruma bila kuzunguka huungua. Fungua kifuniko cha nyuma, utazame mkanda unaounganisha mota na pipa. Ukiwa umepasuka au unang'aa kwa kuchakaa, ubadilishwe kwa mwingine wenye namba ile ile. Ukiwa umelegea tu, legeza nati zinazoshika mota, isogeze kidogo ili mkanda ukaze, kisha funga nati. Ukiubonyeza kwa kidole katikati, mkanda unapaswa kuinama kidogo tu, kama sentimita moja.

4. Pipa la kukamulia halizunguki, au linapiga kelele na kutikisika. Zigawe nguo sawasawa, uziweke kifuniko cha ndani cha kuzibana, na ufunge mfuniko vizuri. Mfuniko una swichi, na ukiwa wazi mota haiwaki. Angalia pia kama kitambaa kidogo kimedumbukia kati ya pipa la ndani na la nje. Kisha hakikisha miguu yote minne ya mashine imegusa sakafu. Mashine iliyokaa upande hujivunja yenyewe siku hadi siku.

5. Mashine haiwaki kabisa. Jaribu soketi kwa taa ya mezani kabla ya kuilaumu mashine. Angalia waya wa umeme kwa urefu wake wote, maana panya hupenda kuutafuna. Chini ya mashine za mapipa mawili mara nyingi pako wazi, na panya huingia humo kujenga. Funga wavu wa waya chini, lakini usizibe kabisa, kwani mota inahitaji hewa.

Tunayopaswa kumwachia fundi

Kujua mpaka wa uwezo wako nako ni sehemu ya ufundi. Ndani ya mashine kuna kapasita, kifaa kinachosaidia mota kuanza kuzunguka. Kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo unaweza kumdhuru mtu. Mota ikinguruma ilhali mkanda ni mzima na pipa linazunguka kwa mkono, huenda kapasita ndiyo imechoka. Muite fundi umeme, naye aweke yenye kipimo kile kile. Vilevile mwachie fundi beringi zinazonguruma kama gari la zamani, mota yenye harufu ya kuungua, na mashine inayomtetemesha anayeigusa. Hiyo ya mwisho isitumike tena hata kwa dakika moja mpaka waya wa ethi ukaguliwe.

Mashine iliyoingiwa na mafuriko

Wengi tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoingia majumbani Rufiji na Kibiti. Mashine iliyofunikwa na maji ya mto isichomekwe umeme kwa kujaribu bahati. Ioshwe tope kwa maji safi, ifunguliwe vifuniko, ikae mahali penye upepo kwa siku nyingi. Hata ikionekana kavu, fundi aipime waya na mota kwanza. Haraka ya siku moja inaweza kuunguza mota, na mbaya zaidi inaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Maji yetu na sabuni yetu

Visima vingi vya delta huingiwa na chumvi ya bahari. Maji ya chumvi hayatoi povu, hivyo mfuaji huongeza sabuni, nayo sabuni hubaki kwenye mipira na vichujio ikigeuka utelezi mzito. Chumvi nayo hula vyuma. Ushauri wetu ni kwamba mkiwa na maji ya mvua, suuzeni mashine kwa maji hayo baada ya kazi ya siku, kisha mwache mfuniko wazi ikauke. Maji ya tope yaacheni yatulie kwenye pipa usiku kucha, na myachuje kwa kitambaa kabla ya kuyamimina.

Kwenye mashine yenye hita hujengeka utando mweupe kama ule wa ndani ya birika la chai. Utando huo huondolewa kwa kuiendesha mashine bila nguo, kwa maji moto yaliyotiwa siki nyeupe, mara chache kwa mwaka. Tahadhari: siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki. Viwili hivyo vikikutana hutoa hewa yenye sumu.

Kwa kamati za parokia

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, awepo mtu mmoja aliyekabidhiwa mashine, na awe yule yule anayeitumia kila siku, kwani masikio yake ndiyo yanayojua mlio umebadilika lini. Pili, liwepo daftari dogo la kuandika tarehe ya kusafisha vichujio, hitilafu iliyotokea na kilichofanyika. Tatu, mkanda mmoja wa akiba na mpira mmoja wa kutolea maji vinunuliwe mapema, wakati mtu wa parokia anakwenda Dar es Salaam kwa jambo jingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa wafadhili wetu

Ukarimu wenu tunauona, na kwa sababu tunauheshimu tunasema wazi. Mashine nzuri ya ughaibuni inaweza isiwe nzuri hapa. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Mashine nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, hivyo hazitufai. Mashine ya otomatiki inapopasha maji moto hutumia wati 2,000 hivi, mzigo ambao vituo vyenye umeme mdogo wa jua haviubebi. Ile ya mapipa mawili kwa kawaida hutumia wati mia chache tu, na inapokea maji ya ndoo.

Kabla ya kununua, tunaomba tuulizane: vipuri vyake vinapatikana Dar es Salaam? Maji ya kituo yana chumvi? Nani ataifungua siku itakapogoma? Huko Ulaya, tangu Machi 2021, sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wa mashine za kufulia kuhakikisha vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka isiyopungua 10. Sisi huku hatuna ulinzi wa namna hiyo, ila tunaweza kuuliza. Pengine zawadi bora kwa kituo fulani si mashine ya pili, bali mikanda miwili, seti ya bisibisi na siku mbili za fundi kuwafundisha watu wake.

Ombi lile la mashine mpya tulilichana. Mashine ya zamani inaendelea kufua, na yule mama sasa ndiye mwenye ufunguo wa stoo, daftari na bisibisi. Tulipomwomba radhi alicheka, akasema sarafu yetu bado anayo. Katika mfano wa talanta, aliyelaumiwa ni yule aliyeifukia mali ardhini. Tuangalie kama nasi hatujafukia yetu stoo chini ya kitambaa, tukisubiri nyingine.

Kamati zenye mashine iliyosimama, tunawaomba kabla ya kutuandikia mfungue chujio kwanza. Kisha mtuandikie mlichokikuta. Mungu awabariki ninyi nyote, na azibariki kazi za mikono yenu.