Muziki wa Doom umepigwa upya: wimbo ni wa nani, na nani anakula feza?

Mwezi wa nane mwaka wa 2024, kompani ya Marekani id Software na washirika wake walitoa upya mchezo wa zamani Doom, pamoja na ule uliofuata, Doom II. Ndani ya toleo hilo mchezaji anakuta fasi ya kuchagua muziki. Anaweza kuchukua ule wa miaka ya 1990 ao mwingine unaoitwa IDKFA, wenye gitare nzito na ngoma za siku hizi. Huo wa pili, kompani haikuuagiza. Ulianza mwaka wa 2016 kama kazi ya shabiki mmoja mwanamuziki, Andrew Hulshult, na watu waliupakua bure.

Kwa wasioujua, Doom ni mchezo wa ordinatere ambamo mtu anatembea na bunduki ndani ya vituo vya kijeshi kwenye miezi ya sayari ya Mars, kisha anashuka mpaka jehanamu, akipigana na mashetani. Ulitoka tarehe 10/12/1993. Michezo mingi ya kupiga risasi ambayo vijana wanacheza leo kwenye telefone iko na damu yake. Wazazi wengi hawaupendi, na mtu anaweza kuwaelewa. Lakini hapa habari ni ya muziki tu.

Habari hiyo inashangaza kidogo, kwa sababu shabiki akigusa kazi ya kompani kubwa, mara nyingi anachopokea ni barua ya avoka. Ili kuelewa namna gani huyu alipata mkataba, inafaa kwanza kurudi kwenye zile ordinatere za zamani.

Muziki usiokuwa na sauti ndani

Wakati ule michezo ilikuwa inapita kwenye disketi. Disketi moja ilibeba MB 1,44. Wimbo wa MP3 wa dakika tatu, ule ambao vijana wanapashana kwa telefone, unafika karibu MB 3. Ni kusema disketi moja haingeweza kumeza hata wimbo mmoja. Sasa namna gani mchezo mzima ulikuwa na muziki karibu kila fasi unapopita?

Ni kwa sababu ndani ya disketi hamkuwa sauti yoyote ya gitare wala ngoma. Kulikuwa maagizo tu. Chukua mfano wa kwaya. Mwalimu wa kwaya akitaka kutuma wimbo kwa parokia nyingine, hatumi waimbaji. Anatuma karatasi la solfa, nalo ni jepesi, linaingia hata ndani ya mfuko wa shati. Kule linakofika, wimbo utaimbwa kwa sauti za watu wa kule. Wakiwa na basi wazuri, utakuwa mtamu. Wasipokuwa nao, kila mtu atasikia.

Maagizo ya muziki wa Doom yalifuata mtindo wa MIDI, lugha ya vyombo vya elektroniki iliyoanza mwaka wa 1983. Yanasema: piga nota hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu, kwa chombo namba fulani. "Kwaya" ya kuyaimba ilikuwa karte ya sauti, kipande kinachochomekwa ndani ya ordinatere. Karte nyingi za wakati ule, kama Sound Blaster, zilitumia kipande kidogo cha Yamaha ambacho kile cha kwanza kiliweza kutoa sauti tisa tu kwa mara moja. Hakikuwa na gitare ya kweli ndani. Kilikuwa kinachanganya mawimbi ya umeme mpaka yafanane kidogo na gitare, na kusema ukweli, mara nyingi ilisikika kama nyuki ndani ya kopo la maziwa.

Waliokuwa na feza zaidi walinunua chombo kingine, Roland SC-55, ambacho kilihifadhi sauti za vyombo vya kweli zilizorekodiwa. Wimbo ulikuwa uleule na nota zilezile, lakini nyumba mbili zilisikia vitu viwili tofauti. Mpaka leo mashabiki wanagombana juu ya sauti ipi ni ya kweli. Kila mmoja anatetea ile aliyoisikia nyumbani alipokuwa mtoto.

Avoka aliyeandika nota

Mtunzi wa muziki huo ni Bobby Prince. Watu wa id Software walipenda muziki wa metali, ule wa gitare kali wa vikundi kama Metallica, Slayer na Pantera, na walitaka mchezo wao uwe na moto huo. Prince alikuwa amefanya kazi ya avoka mbele ya kuingia katika michezo. Alijua mpaka gani mtu anaweza kukaribia wimbo wa mwingine bila kuvunja sheria. Na alikaribia sana: mtu aliyesikiliza vikundi vile, akisikia nyimbo fulani za Doom, anatabasamu mara moja.

Wimbo wa ngazi ya kwanza unaitwa At Doom's Gate. Nota moja ya chini inarudiarudia haraka kama mtu anayegonga mlango, na juu yake nota nyingine zinashuka, moja kisha nyingine. Basi. Kwa sekunde nne tu, mchezaji wa zamani anajua yuko wapi. Anayetaka kuupiga upya anaweza kubadilisha mengi, lakini zile sekunde nne akizigusa vibaya, hakuna atakayemsamehe.

Kupiga upya si kubonyeza kifungo

Wengi wanafikiri kazi ni kuchukua zile nota za zamani na kuzipa sauti mpya ndani ya ordinatere. Inawezekana, na inachukua dakika chache. Lakini matokeo ni magumu kama ubao. Nota za mwaka wa 1993 ziliandikwa kwa ajili ya chombo kisichopumua. Mpiga gitare wa kweli anavuta kamba, anachelewa kidogo, anafunga nota kwa kiganja. Mpiga ngoma hapigi mapigo mawili kwa nguvu sawa kabisa. Yote hayo inafaa kuyaongeza, na hayakuandikwa popote. Katika metali, kuna desturi ya kurekodi gitare ileile mara mbili, moja kwa sikio la kuume na nyingine kwa la kushoto, ili sauti iwe nene. Kosa dogo la mkono linasikika hapohapo.

Kisha kuna shida ya mchezo wenyewe. Wimbo wa redio unaanza na unaisha. Wimbo wa mchezo unazunguka: ukifika mwisho unarudi mwanzo, mpaka mchezaji amalize ngazi, iwe baada ya dakika mbili ao nusu saa. Basi, mwisho unapaswa kushikana na mwanzo bila mshono kuonekana. Na muziki usijaze masikio, kwa sababu mchezaji anahitaji kusikia mnyama anayenguruma nyuma yake.

Hulshult hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwaka wa 2013 alikuwa amepiga upya muziki wa mchezo mwingine wa zamani, Rise of the Triad, ulipotengenezwa tena. Jina la IDKFA alilitoa ndani ya Doom wenyewe: ukiandika herufi hizo tano kwenye klavye, mchezo unakupa silaha zote, risasi na funguo.

Namna gani muziki wa mtu wa nje uliingia katika mchezo? Id Software waliacha mlango wazi toka mwanzo. Picha, ramani na muziki wa Doom vinakaa ndani ya faili la pembeni, WAD, si katika programu yenyewe. Ukiweka faili lako juu ya lile, mchezo unapiga muziki wako. Mwaka wa 1997 walitoa hata maandishi ya programu watu wayasome. Bila mlango huo, pengine Doom ungekuwa umesahauliwa siku nyingi.

Bure haimaanishi ruhusa

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata wanamuziki. Wimbo mmoja uko na haki mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani ile melodi. Ya pili ni ya rekodi, yaani sauti iliyopigwa siku fulani na watu fulani. Anayepiga upya wimbo wa mwingine anakuwa na rekodi yake, lakini melodi inabaki kwa mwenyewe. Akiigawa bure, anapunguza hasira ya mwenye haki. Ruhusa bado hana.

Sheria ya Marekani inatoa njia moja: wimbo ukiisha kutolewa kwa watu kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine anaweza kuurekodi na kulipa kiasi kilichopangwa. Mwaka wa 2024 kilikuwa senti 12,4 za dola kwa kila kopi ya wimbo usiozidi dakika tano. Njia hiyo ni ya sauti peke yake, haihusu video wala mchezo, na hairuhusu kubadilisha melodi ya msingi. Kwetu Kongo, haki za watunzi zinalindwa na sheria namba 86-033 ya tarehe 5/4/1986, na kukusanya feza zao ni kazi ya SOCODA. Kijana wa Bukavu ao Bunia anayepiga upya wimbo wa mtu ndani ya ordinatere yake, naye swali hilo linamhusu.

Kompani hazijibu kwa namna moja. Kuna kikundi cha mashabiki, OverClocked ReMix, kilichoanzishwa na Mmarekani David Lloyd mwaka wa 1999, ambacho kinapiga upya muziki wa michezo na kuutoa bure. Mwaka wa 2006 kilitoa albamu ya nyimbo za Street Fighter II, mchezo wa ngumi wa kompani ya Japani Capcom, ambao nyimbo zake nyingi zilitungwa na mama mmoja, Yoko Shimomura. Capcom waliisikia, wakawaita mashabiki hao wafanye muziki wa toleo jipya la mchezo, nalo likatoka mwaka wa 2008.

Lakini mwaka wa 2012 kikundi hicho kiliona upande mwingine. Kilianza kukusanya feza kwa watu ili kutoa albamu kubwa ya Final Fantasy VI. Albamu za bure za michezo ya Final Fantasy kilikuwa kimetoa mbele, na hakuna aliyeisimamisha. Safari hii, palipokuwa na feza, wenye mchezo, Square Enix, walisimamisha kazi. Pande mbili zilizungumza, ruhusa ikapatikana, na watu wakachanga zaidi ya dola 150.000. Albamu ilitoka mwaka wa 2013, disike tano, na kwenye intaneti ilibaki bure.

Kwa Hulshult, mlango ulifunguka polepole. Kazi yake ya bure ilijulikana, akapewa michezo mingine kama Dusk na Amid Evil. Mwaka wa 2020 id Software wenyewe walimwita, yeye na David Levy, watunge muziki wa The Ancient Gods, nyongeza ya Doom Eternal. Mwaka wa 2024 IDKFA ikaingia katika mchezo rasmi, na akaongeza nyimbo za Doom II ambazo hazikuwamo mwanzo.

Inafaa pia kutazama upande wa pili wa biashara hiyo. Kompani ilipata muziki ambao wachezaji walikuwa wameupima na kuupenda miaka nane, bila kulipa franga hata moja kwa ajili ya majaribio hayo. Na nyuma ya Hulshult mmoja kuna wapiga gitare wengi waliopiga upya nyimbo hizohizo ndani ya chumba chao, wakaziachia watu, na hakuna kompani iliyowapigia simu.

Muziki wa zamani haukufutwa. Mchezaji aliyechoka na gitare za Hulshult anaingia kwenye mapangilio, anachagua ule wa kwanza, na nyuki wanarudi ndani ya kopo.