Programu Huria na Chumba Kilichofungwa

Wenzangu, na ninyi kaka mliotutangulia, wengi mmesikia habari za Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Programu hii ni huria: kila mtu aweza kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumgawia mwenziwe.

Lakini ndani ya kompyuta vimo vifaa, kama kile cha kunasa mtandao usio na waya, ambavyo havifanyi kazi mpaka vipewe programu yao wenyewe, iitwayo famuwea. Mara nyingi mwenye kiwanda huitoa ikiwa tarakimu tupu, wala haonyeshi ilivyoandikwa. Ni kama kununua nyumba, kisha chumba kimoja ufunguo anao fundi. Akiacha kuirekebisha, kosa lake hubaki nawe.

Debian, mfumo wa Linux ulioanza mwaka 1993, kwa miaka mingi haukuitia famuwea hiyo katika diski yake rasmi. Nilipouweka mfumo wa zamani katika kompyuta kuukuu, niliikuta taabu yenyewe: mtandao wataka famuwea, na famuwea iko mtandaoni! Nikaazima waya.

Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuikubali. Ikatiwa katika Debian 12 ya mwaka 2023, lakini katika fungu lake la peke yake, na asiyeitaka aweza kuikataa.

Mimi naona walifanya vema, kwa kuwa hawakuficha kitu. Hata hivyo tusizoee. Tunapochagua vifaa, tutafute vile ambavyo maandishi yake yako wazi. Dawa ya deni ni kulipa.