Kufunga na Kufungua Breki za Upepo: Vitenzi vya Gereji na Usalama wa Vyombo vya Usafiri katika Bandari ya Luzira

Ikisiri

Makala hii inajadili lugha ya kurekebisha na kutunza breki za upepo. Inaanza na malori na mabehewa yanayokutana Port Bell, Luzira, kisha inavilinganisha vyombo hivyo na glaida yenye injini, ambayo breki zake huitwa kwa jina hilohilo ingawa hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Hoja kuu ni kwamba hatari ya istilahi za breki haimo sana katika nomino, ambazo kamati zetu hupenda kuzishughulikia kwanza, bali katika vitenzi. Amri ya "funga breki" humsimamisha dereva wa lori, humpa fundi kazi ya spana, na humwacha rubani wa glaida aendelee kupaa.

Utangulizi

Port Bell iko Luzira, upande wa kusini-mashariki wa Kampala, na jina lake linatokana na Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini. Reli kutoka mjini huishia hapo gatini, na meli za kubeba mabehewa zimekuwa zikiiunganisha bandari hiyo na Mwanza na Kisumu. Malori nayo hushuka kwa barabara ya Port Bell kupitia Bugolobi na Kitintale. Katika miaka ya 1930 na 1940 hata ndege zilitua hapo, zile ndege za majini zilizosafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Ni sehemu chache katika Afrika Mashariki ambazo barabara, reli, maji na anga vimewahi kukutana katika eneo dogo namna hiyo.

Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali kiwe lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha utekelezaji wa uamuzi huo. Mijadala iliyofuata imehusu zaidi shule, Bunge na mahakama. Gereji haikutajwa sana. Hata hivyo, dereva aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam akiwa na breki zinazosumbua hamsubiri mwalimu wa Kiswahili afike Kampala. Huzungumza na fundi palepale, kwa Kiswahili kilichopo, huku fundi akichanganya na Kiganda, na kazi inafanyika. Swali la watunga sera ni kama Kiswahili hicho kinaweza kuandikwa katika mwongozo wa mafunzo bila kumdhuru mtu.

Upepo au hewa?

Niliondoe kwanza jambo ambalo wanaistilahi hulipa uzito kupita linavyostahili. Wasomi hupendelea "breki za hewa", kwa kuwa upepo ni hewa inayokwenda, na hewa iliyo ndani ya tangi haiendi popote. Gereji husema "upepo": tairi hujazwa upepo, tangi hupungua upepo. Kiganda nacho hakimsaidii msomi, maana empewo ni upepo, ni hewa, na ni baridi pia. Kwa maoni yangu gereji iachiwe neno lake. Hakuna gurudumu litakalokosa kushika kwa sababu fundi alisema upepo badala ya hewa.

Lori: upepo ukiisha, gurudumu hushika

Katika lori, kompresa inayoendeshwa na injini hujaza matangi. Dereva akikanyaga pedali, upepo huingia katika boosta iliyo karibu na gurudumu na kusukuma fimbo. Fimbo husukuma mkono wa ajasta, ajasta huzungusha kamu yenye umbo la herufi S, na kamu hutanua viatu vya breki mpaka lainingi zigusane na dramu. Hiyo ndiyo breki ya kazi, nayo haiwezi kufanya chochote bila upepo.

Ndani ya boosta za magurudumu ya nyuma kuna kitu kingine: springi nzito iliyobanwa na upepo wakati wote lori linapotembea. Upepo ukishuka mno, springi hutanuka na kuyashika magurudumu. Breki ya kuegesha na breki ya dharura ni springi hiyo hiyo. Kwa hiyo upepo katika lori una kazi mbili zinazopingana: kwa pedali unashikisha, kwa springi unaachia. Mwanafunzi aliyefundishwa tu kwamba "breki hizi hutumia upepo" hajaambiwa nusu ya habari, na nusu aliyonyimwa ndiyo inayoua.

Marekebisho yenyewe ni kazi ya vipimo. Lainingi zinapolika, fimbo ya boosta husafiri umbali mrefu zaidi kabla ya breki kushika. Katika boosta ya kawaida ya ukubwa namba 30, fimbo inaweza kusafiri takriban milimita 64 tu hadi mwisho wake, na kanuni za ukaguzi za Amerika ya Kaskazini huihesabu breki kuwa imepita kiasi ikizidi milimita 51. Kipimo huchukuliwa pedali ikiwa imekanyagwa, shinikizo likiwa paundi 90 hadi 100 kwa inchi ya mraba. Tofauti ya milimita 13 huonekana kubwa kwa anayepima lori lililosimama. Kwenye mteremko dramu hupata moto na kutanuka, fimbo husafiri mbali zaidi, na akiba hiyo huisha wakati dereva anapoihitaji.

Kwa ajasta ya mkono, fundi huweka vigingi kwenye magurudumu, huachia breki ya springi, kisha huzungusha bolti ya ajasta mpaka lainingi ziguse dramu, halafu hurudisha robo hadi nusu mzunguko. Anapokaza, kamu lazima izunguke kuelekea ule upande inaokwenda breki inaposhika. Ikienda kinyume, anailegeza huku akidhani anaikaza. Kisha hupima tena. Ajasta inayojirekebisha ni habari nyingine. Fimbo yake ikizidi kipimo, kuna kilichoharibika: ajasta yenyewe, pini, bushi au kamu. Kuikaza kwa spana huificha kasoro kwa siku chache. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipochunguza ajali ya lori iliyotokea Glen Rock, Pennsylvania, tarehe 11 Aprili 2003, ililiona tatizo hilo: mafundi walikuwa wakizikaza kwa mkono ajasta za kujirekebisha bila kutafuta kiini cha kasoro. Walioikuta kasoro hiyo walizungumza Kiingereza na miongozo yao ilikuwa ya Kiingereza. Kutafsiri peke yake hakutoshi.

Utunzaji wa kila siku ni mwepesi zaidi. Matangi hutolewa maji, kichujio cha kukaushia upepo hubadilishwa kwa wakati, na uvujaji husikilizwa injini ikiwa imezimwa. Hapa tafsiri ya moja kwa moja hupotosha kwa njia ya kuchekesha kidogo. Miongozo ya nchi za baridi huonya kwamba maji yataganda kuwa barafu ndani ya mabomba. Dereva wa Luzira akisoma hivyo atahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba onyo halimhusu. Kando ya ziwa maji huingia kwa wingi pamoja na hewa yenye unyevu, na kazi yake ni kutia kutu matangi na kuharibu vali. Mwongozo wa Kiswahili unapaswa kumwambia hivyo.

Behewa: upepo ukiisha, subiri kidogo

Mita chache kutoka kwenye lori husimama behewa, nalo lina breki za upepo. George Westinghouse alipata hataza ya breki yake ya kwanza ya treni mwaka 1869. Katika mfumo huo wa awali bomba likikatika treni ilibaki bila breki, kwa hiyo miaka michache baadaye aliugeuza: kila behewa likapewa tangi lake, na kushuka kwa shinikizo katika bomba kuu kukawa ndiyo amri ya kushika. Mabehewa yakitengana, yote hushika.

Wanaolijua lori hudhani basi kwamba behewa lililokatwa na kuachwa gatini litashika milele. Haliko hivyo. Linaloshika ni upepo wa tangi la behewa lenyewe, wala hakuna springi nyuma yake. Upepo huo ukivuja kwa saa kadhaa, gurudumu huachia. Ndiyo maana breki ya mkono na vigingi haviepukiki, hasa pale behewa linaposubiri kuingizwa melini. Huko Lac-Mégantic, Kanada, tarehe 6 Julai 2013, treni ya mafuta iliyoegeshwa usiku ilizimiwa injini. Upepo ulivuja polepole, nguvu ya breki za vichwa vya treni ikapungua, na breki za mkono zilizokuwa zimekazwa hazikutosha. Watu 47 walikufa. Sentensi "upepo umeisha, breki zimeshika" ni kweli kwa lori, na kwa behewa ni kweli ya muda mfupi.

Glaida: upepo ndio unaozuiwa

Ndege ndogo huonekana Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, na glaida zimerushwa Mweiga karibu na Nyeri. Breki za upepo za glaida yenye injini hazina tangi wala kompresa. Ni mabamba yanayochomoza kutoka ndani ya bawa, yakaharibu mwinuko wa bawa na kuongeza ukinzani, ili chombo kilichoundwa kisishuke kikubali kushuka. Kwa mzaha wa lugha, hapa ndipo jina "breki ya upepo" linapofaa hasa.

Urekebishaji wake unahusu mambo ambayo fundi wa lori angeyatambua. Mabamba ya kushoto na kulia lazima yaanze kuinuka pamoja, la sivyo chombo huvutwa upande mmoja. Yakilala, vifuniko vyake viwe sawasawa na ngozi ya bawa. Wenzo wa rubani, ambao kwa kanuni za Ulaya hupakwa rangi ya buluu, husukumwa mpaka uvuke kituo cha ukinzani na kujikomea. Nguvu ya kuukomea hupimwa na kulinganishwa na kitabu cha chombo: ikiwa ndogo mno, mvuto wa hewa juu ya bawa unaweza kuyainua mabamba wakati wa kuruka, ikiwa kubwa mno, rubani huenda asiukomee kabisa. Katika aina nyingi sehemu ya mwisho ya mwendo wa wenzo huvuta pia breki ya gurudumu, hivyo anayekaza waya wa gurudumu lazima arudi kukagua mabamba.

Sasa tazama kitenzi. Rubani akifunga breki, mabamba hulala na chombo huruka vizuri. Akizifungua, chombo hushuka. Kwa dereva wa lori, kufunga breki ni kusimama. Kisigino hiki cha lugha si cha kubuni: rubani anayeanza kuruka akiwa hajakomea mabamba yake ni kisa kinachojulikana sana katika michezo ya glaida.

Vitenzi

Mtu anaweza kusema glaida ni chache na suala ni dogo. Lakini mgongano huohuo umo ndani ya lori. "Gari limefungwa breki mpya" ni habari ya vipuri. "Dereva alifunga breki" ni habari ya mwendo. Na "fungua breki" inaweza kumaanisha kuachia gurudumu, au kuvua boltí na kutenganisha sehemu. Boosta ya springi ikifunguliwa kwa maana hiyo ya pili kabla springi haijabanwa kwa bolti yake maalumu, hurusha kifuniko kwa nguvu ya kumuua aliyeinama mbele yake. (Luzira yenyewe kitenzi hiki kina mwenyewe wa zamani zaidi: anayesema fulani amefungwa Luzira haongelei breki.) "Kutoa" haiokoi: kutoa handibreki ni kuiachia, na kutoa breki ni kuing'oa.

Napendekeza mgawanyo utakaotumika katika miongozo na mitihani ya ufundi tu, bila kumkataza dereva kusema apendavyo. Hali ya gurudumu ielezwe kwa kushika na kuachia, vitenzi ambavyo gereji tayari inavyo, kwa kuwa kila mtu husema "breki hazishiki". Kukaza na kulegeza vibaki kwa ajasta. Kufunga na kufungua vihusu spana peke yake. Mabamba ya glaida yainuliwe, yalazwe na yakomewe. Na kila kidahizo cha breki kieleze gurudumu hufanya nini upepo unapoisha, mara moja na baada ya saa nyingi, kwa sababu hapo ndipo lori na behewa vinapoachana.

Idara ya Mafunzo ya Viwandani ya Lugogo ilikuwa ikiwapima mafundi kwa vitendo, na njia hiyo inaweza kupima istilahi pia. Rasimu ya maelekezo isomwe kwa sauti kwa fundi ambaye hajaiona, mbele ya boosta ambayo springi yake imekwisha kubanwa salama, na mtunzi wa istilahi asimame kando bila kufafanua. Kinachoandikwa ni mkono wa fundi ulikwenda wapi baada ya kila kitenzi. Ukienda kwenye spana pale maelekezo yalipokusudia vali, kitenzi hicho kinarudi kamatini.