Redio ya nyumbani itupe ngoma na habari

Mpenzi msomaji, ikiwa ulikulia Ukambani miaka ya tisini, bila shaka unaikumbuka ile redio ya betri iliyowekwa juu ya kabati kama mgeni wa heshima. Mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Betri zikiisha nguvu zilianikwa juani, zikapata uhai wa siku mbili tatu. Ilitoa taarifa ya habari, ikatoa salamu na muziki, kisha yakaja matangazo ya vifo na nyumba nzima ikanyamaza, kila mtu akitega sikio asije akakosa kusikia jina la jamaa.

Redio ilikuwa moja, nayo ilikuwa na kila kitu.

Leo hii panda matatu pale Machakos mjini uelekee Masii. Kabla hujafika, dereva atakuwa amebadilisha stesheni mara kadhaa. Nyingine ni nyimbo mfululizo, nyingine ni vicheko na visa vya mapenzi, nyingine ni siasa za Nairobi. Lakini je, ni ipi itakayokuambia kwamba mto umefurika na barabara ya kwenu haipitiki? Ni ipi itakayokuonya kwamba mahindi yaliyo sokoni yana sumu?

Swali hilo la mwisho si la kubuni.

Mwaka wa sumu

Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na wilaya jirani, Machakos ikiwemo, walianza kuugua ini baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, nayo kuvu ikatoa sumu iitwayo aflatoksini. Wagonjwa 317 waliorodheshwa, na 125 kati yao wakafariki dunia. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha, na mara nyingi huwezi kuitambua kwa kuonja.

Hebu fikiri, msomaji: onyo la namna hiyo litamfikiaje mama aliye kijijini? Gazeti halifiki kwake kila siku. Tangazo la ofisini hubandikwa ukutani na kubaki huko. Onyo linapaswa kuingia jikoni, kwa lugha anayoielewa mpishi, kabla muthokoi haujainjikwa. Mwenye uwezo huo ni redio ya karibu, inayojua jina la soko na kuweza kumleta afisa wa kilimo aeleze jinsi ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani.

Muziki ndio unaofungua sikio

Huenda ukauliza: basi si tuanzishe idhaa ya habari peke yake? La hasha. Habari tupu kutwa nzima huchosha. Fundi wa viatu, muuza mboga na msusi hawafungui redio alfajiri kwa sababu wanangoja onyo. Wanaifungua kwa ajili ya muziki. Wanataka gita la Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers, ambalo bado lachangamsha Ukambani ingawa mwenyewe alifariki mwaka 1987. Wanataka benga, nyimbo za injili, na vijana wa leo pia.

Redio ikiwa tayari imefunguliwa kwa ajili ya wimbo, habari ikija itamkuta mtu. Redio iliyozimwa haimwonyi yeyote. Kwa hiyo muziki na habari si mahasimu. Mmoja humshika mwenzake mkono.

Wapo waliolijua jambo hili mapema. Mwaka 1982 kituo kidogo cha redio kilifunguliwa Homa Bay kwa msaada wa UNESCO, kikawahudumia wenyeji, lakini serikali ikakifunga mwaka 1984. Stesheni ya kwanza ya FM ya watu binafsi, Capital FM ya Nairobi, ilikuja mwaka 1996. Baadaye zikafuata za lugha za nyumbani, na kwa Kikamba tukapata Musyi FM na Mbaitu FM. Huko Makueni vikundi vya akina mama vikajianzishia redio yao wenyewe, Mang'elete.

Kisu hukata pande mbili

Hata hivyo, tusidanganyane. Sikio lililofunguliwa na muziki huingiza asali, na huingiza sumu pia. Nchini Rwanda, redio ya RTLM iliyoanzishwa mwaka 1993 iliwavuta vijana kwa nyimbo na mizaha, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya Watutsi. Hapa kwetu, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Waki ilipokea malalamiko kuhusu uchochezi katika baadhi ya redio za lugha za makabila.

Dawa si kuzifunga redio hizo wala kuzibakizia muziki tu. Redio isiyo na mwandishi wa habari huacha nafasi wazi, na uvumi huijaza. Dawa ni kuwa na waandishi waliofunzwa, wanaothibitisha jambo kabla ya kulitangaza na kukiri wanapokosea.

Na hapo ndipo penye ugumu, maana muziki ni rahisi na habari ni ghali. Kijana mmoja na kompyuta aweza kupiga nyimbo usiku kucha. Lakini kujua kilichotokea Mwala, lazima mtu apande bodaboda, aulize, apige simu, arudi aandike. Nauli hiyo hailipwi na wimbo. Hulipwa na mwenye duka anayekubali kudhamini taarifa ya habari, na msikilizaji anayeidai.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, Jumapili hii fungua stesheni uipendayo kwa saa moja. Chukua kalamu, uwape watoto kazi ya kuhesabu: nyimbo ngapi, matangazo ya biashara mangapi, na habari ngapi za mahali mnapoishi? Mkipata sifuri kwenye safu ya mwisho, msiizime. Wapigieni simu wakati wa salamu, na baada ya kuwasalimu shangazi na binamu, waulizeni: mbona hamjatuambia mahindi ya soko letu yako vipi?