Picha Isiyoenea Kwenye Kompyuta (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita makala haya yaliishia kwenye kioo cha hadubini: kipande cha kondo la nyuma chenye unene wa mikromita nne hivi, kilichotiwa rangi ya waridi na zambarau. Leo kioo hicho kinaingia kwenye skana.

Kondo la nyuma limechaguliwa kwa sababu wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, ni mahali ambapo vioo vya namna hiyo vimetoa jibu la maana. Kabla ya kampeni ya kupuliza dawa majumbani kuanza mwishoni mwa 2014, watafiti walikadiria kuwa mkazi wa Nagongera, katika wilaya hiyo, aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka. Mwaka huohuo wajawazito 300 waliandikishwa Tororo ili kulinganisha dawa ya kinga ya SP, ambayo wengi bado huiita Fansidar, na mchanganyiko wa dihydroartemisinin na piperaquine. Matokeo yalichapishwa 2016 katika New England Journal of Medicine. Dalili za malaria ndani ya kondo zilionekana kwa asilimia 50 ya waliopewa SP, asilimia 34.1 ya waliopewa mchanganyiko huo mara tatu, na asilimia 27.1 ya waliopewa kila mwezi. Katika wilaya jirani ya Busia ukafanyika utafiti mwingine, katika hospitali ya Masafu, wenye wajawazito 782.

Asilimia za namna hii hutegemea jicho la mtaalamu aliyeinamia hadubini akitafuta vimelea, au hemozoini, yaani masalia ya rangi ya kahawia ambayo kimelea huyaacha baada ya kula hemoglobini. Hemozoini ikiwa haba, wasomaji wawili wanaweza kutofautiana juu ya kioo kilekile. Ndiyo maana kuihesabu kwa kompyuta kunavutia.

Tatizo huanza na ukubwa wa picha. Skana ikipiga kwa ukuzaji wa mara 40, kila pikseli hubeba takriban robo ya mikromita. Kipande cha tishu chenye milimita 15 kila upande hutoa picha ya pikseli 60,000 kwa 60,000, yaani pikseli bilioni 3.6. Kila pikseli ikichukua baiti tatu za rangi, picha ambayo haijabanwa ni karibu gigabaiti 11. Skrini ya kawaida ingehitaji kujaa zaidi ya mara 1,700 ili kuionyesha yote. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya gigabaiti nane za kumbukumbu akijaribu kuifungua nzima, mashine hukwama. Hata akiazima kompyuta kubwa zaidi, ImageJ, programu ambayo wengi huanzia, haipokei picha moja inayozidi pikseli bilioni 2.1 hivi. Kikomo hicho kimo ndani ya programu yenyewe.

Dawa yake ni kutoifungua nzima. Faili la skana hubeba picha kamili pamoja na nakala zake zilizopunguzwa, mara nne, mara kumi na sita na kuendelea, zikipangwa kama piramidi, na kila nakala hukatwa vigae vidogo vya pikseli 256 au 512. QuPath, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast na kuelezwa kwa wanasayansi mwaka 2017, huita vigae vile tu vinavyotazamwa kwa wakati huo. Ramani ya kwenye simu hufanya vivyo hivyo. Kwa njia hiyo kompyuta ya kawaida inatosha, na picha iliyohifadhiwa Kampala inaweza kutazamwa Tororo bila kupakua faili zima.

Linalobaki ni kujua swali gani liulizwe kwenye ngazi gani, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kutenganisha tishu na kioo kitupu kunafaa kufanywa kwenye nakala iliyopunguzwa mara 16, yenye pikseli 3,750 tu kila upande. Ni kazi ya sekunde chache. Lakini chembe ya hemozoini yenye upana wa mikromita moja hushika upana wa pikseli nne katika picha kamili. Kwenye nakala ya mara 16 pikseli moja ina mikromita nne, kwa hiyo chembe humezwa na rangi ya waridi iliyoizunguka. Anayepunguza picha ili ienee kwenye kompyuta, kisha akahesabu hemozoini humo, atatangaza kuwa safi kondo lisilo safi. Hesabu hiyo ifanywe kwenye picha kamili, kigae baada ya kigae, na vigae vipishane kidogo kingoni ili chembe iliyoangukia mpakani isipotee, kisha chembe iliyoonekana kwenye vigae viwili ihesabiwe mara moja tu.

Tatizo hili la picha kubwa linawahusu pia wanajiolojia wanaochunguza milima ya Osukuru, wilayani Tororo, yenye fosfeti. Wao hukata mwamba hadi mikromita 30 na kutazama madini kama apataiti kwa mwanga uliopolaraishwa, mwanga uleule unaoifanya hemozoini ing'ae. Skana nyingi za hospitali hupiga kwa mwanga wa kawaida tu, na hilo lizingatiwe kabla ya kununua mashine.

Maabara zinazoanza kazi hii zishike mambo mawili. Kwanza, zitunze faili la asili kama lilivyotoka kwenye skana, kwa kuwa ukilibadili kuwa picha ya kawaida unaweza kupoteza kipimo cha pikseli, na bila kipimo hicho hakuna mikromita wala eneo. Pili, skana nyingi hupiga picha ya lebo ya kioo na kuificha ndani ya faili hilohilo. Lebo ikiwa na jina la mama, jina hilo litasafiri na faili popote litakapotumwa. Lebo ziandikwe namba ya utafiti pekee, na kila faili likaguliwe kabla halijatoka maabara.