Programu ya Bure ya Barua Pepe Hupimwa kwa Kipi?

Watumiaji wengi wa barua pepe hufungua kikasha chao kupitia kivinjari, na kwa kuwa njia hiyo haina malipo na hufanya kazi popote penye intaneti, kuweka programu maalumu kwenye kompyuta huonekana kuwa jambo lililopitwa na wakati. Hata hivyo programu za aina hiyo zingalipo, na mojawapo ya zile mashuhuri zisizolipiwa ni Thunderbird, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004 chini ya Mozilla na ambayo hutumika kwenye Windows, macOS na Linux. Kuipima kwa sura yake na wingi wa vitufe vyake, kama ilivyo desturi, ni kuanzia pasipostahili, kwa sababu swali lenye uzito ni mahali barua zinapokaa na namna mwenyewe anavyoweza kuondoka nazo.

Jibu hutegemea itifaki, yaani kanuni za mawasiliano baina ya programu na seva, ambayo ni kompyuta ya mtoa huduma inayopokea barua. Itifaki ya POP huzishusha barua kwenye kompyuta na, kulingana na mpangilio uliochaguliwa, huweza kuzifuta kwenye seva, ilhali IMAP huziacha hukohuko ili simu na kompyuta zionyeshe hali ileile, hata barua iliyofutwa huku ikafutika na kule. Kwa kawaida Thunderbird hutunza kwenye diski nakala za barua za IMAP pia, hivyo mtu aliyeishiwa bando huendelea kusoma barua zake za miaka iliyopita na kuandika majibu yatakayotumwa mtandao ukirudi. Wanaonufaika zaidi ni wenye akaunti kadhaa, ya kazini, ya binafsi na ya chama, kwani zote huonekana katika dirisha moja.

Uhifadhi wenyewe unahitaji kuangaliwa kwa karibu. Kila folda, isipokuwa mtumiaji amechagua vingine, huwa faili moja la maandishi la muundo uitwao mbox, ambao ni wa zamani na husomwa na programu nyingine nyingi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Lakini barua inayofutwa hutiwa alama tu, na maneno yake hubaki ndani ya faili hadi folda ibanwe, kazi ambayo huandika faili upya na hivyo kuhitaji nafasi, jambo linalomkwamisha hasa yule ambaye diski yake imejaa. Viambatisho navyo hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kutumwa na kuongezeka kwa takribani theluthi, hata picha ya megabaiti 15 ikachukua 20. Isitoshe, faili hilo halikufungwa kwa usimbaji fiche, na anayelifungua kwa programu yoyote ya maandishi humwona mtumaji, mada na mara nyingi barua yenyewe. Nenosiri kuu la Thunderbird hulinda manenosiri yaliyohifadhiwa, si barua, kwa hiyo kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu wawili kwa akaunti moja ya Windows haifai kabisa.

Kwa upande wa faragha programu hii inastahili sifa, maana huzuia picha zinazovutwa kutoka seva za mbali, ambazo watangazaji huzitumia kujua barua imefunguliwa lini, na tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina uwezo wa ndani wa kufunga barua kwa OpenPGP, kiwango cha usimbaji fiche wa barua pepe.

Ubure wake hautokani na matangazo. Msimbo wake ni huria, na baada ya Mozilla kupunguza nguvu zake katika mradi huo mwaka 2012, kazi ilihamishiwa mwaka 2020 kwa MZLA Technologies, kampuni tanzu ya Mozilla Foundation, inayotegemea zaidi michango ya watumiaji. Toleo la Android, lililojengwa juu ya programu ya barua pepe ya K-9 Mail, lilitoka mwaka 2024.

Mwenye akaunti moja anayeifungua kwa simu tu hana haja kubwa nayo. Anayeichagua ajue kwamba barua alizoshusha kwa POP zikafutwa kwenye seva ziko mikononi mwake pekee, na kwamba folda ya profaili, ikinakiliwa kwenye diski ya nje wakati programu imefungwa, hubeba barua, akaunti na mipangilio yote hadi kompyuta nyingine.