Umbo Kubwa, Kihisi Kidogo: Kuchagua Kamera ya Zumu

Mnunuzi wa kamera ya kidijitali isiyobadilishwa lenzi hukutana na aina mbili zinazoshindana kwa bei inayokaribiana. Ya kwanza ni kamera ya mfukoni, ambayo lenzi yake hujikunja na kuingia ndani ya umbo pindi inapozimwa, na uzito wake kwa kawaida hauzidi gramu 320. Ya pili ni kamera ya zumu ndefu, yenye mshikio mnene upande wa kulia, kitazamio cha kuwekea jicho na lenzi inayochomoza mbele hata ikiwa imezimwa, ambayo kwa mbali huonekana kama kamera ya mpiga picha wa gazeti. Katika mtaa wa Kasungami, ulio katika Komini Annexe ya jiji la Lubumbashi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya miji ya Kongo, hiyo ya pili ndiyo inayoaminiwa zaidi, kwa sababu mteja wa arusi huona ukubwa wa chombo kabla ya kuona picha yenyewe. Imani hiyo ina msingi mdogo wa kiufundi, na mara nyingi humwongoza mnunuzi kwenye kamera isiyofaa kwa kazi atakayoifanya.

Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwa mfano 40x au 83x, ni uwiano tu kati ya urefu wa fokasi mkubwa na mdogo wa lenzi. Urefu wa fokasi ni kipimo, kwa milimita, kinachoamua lenzi itaona eneo pana kiasi gani: kadiri milimita zinavyoongezeka, ndivyo eneo linavyopungua na kitu cha mbali kinavyoonekana karibu. Uwiano peke yake hausemi lenzi inaanzia wapi wala inaishia wapi. Kwa hiyo watengenezaji hutoa pia kipimo cha kulinganishia, kinachohesabiwa kana kwamba kihisi cha kamera, yaani kipande kinachopokea mwanga, kina ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani ya milimita 36 kwa 24. Kwa kipimo hicho, Canon PowerShot SX740 HS ya mwaka 2018, ambayo ni kamera ya mfukoni yenye gramu 299, huanzia milimita 24 hadi 960, ilhali Nikon Coolpix P900 ya mwaka 2015, yenye gramu 899, huanzia 24 hadi 2000, na ndugu yake P1000 ya mwaka 2018, yenye karibu kilo moja na nusu, hufika 3000. Ile iitwayo zumu ya kidijitali, ambayo kwa kweli hukata sehemu ya katikati ya picha na kuitanua bila kuongeza chochote kilichoonwa na lenzi, isiingizwe katika hesabu hata kidogo.

Sababu ya kamera za zumu ndefu kuwa nene haimo katika mshikio wala katika betri, bali katika kioo. Mwanga huingia kupitia tundu la lenzi, na upana wa tundu hilo hupatikana kwa kugawanya urefu halisi wa fokasi kwa namba ya f iliyochapishwa kuzunguka lenzi, ambapo namba ndogo humaanisha tundu pana. Lenzi ya P900, ikivutwa hadi mwisho, ina urefu halisi wa milimita 357 na namba ya f 6.5, hivyo tundu lake lina upana wa takriban milimita 55. Ya SX740 ina milimita 172 na namba 6.9, hivyo tundu lake lina milimita 25 tu. Kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko tundu hilo, na hakuna mhandisi awezaye kuingiza kioo cha milimita 55 katika mfuko wa shati. Unene huo basi ni wa haki, ila unalipia jambo moja tu, nalo ni umbali.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kudhani kwamba umbo kubwa lina kihisi kikubwa. Kihisi ni kile kipande cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi, ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, kisha kuwa namba. Eneo lake ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa jinsi picha itakavyokuwa safi pale mwanga unapopungua. SX740, P900 na P1000, licha ya tofauti zao za uzito, zote zina kihisi cha aina moja, kinachoitwa cha inchi 1/2.3, chenye upana wa milimita 6.2 na kimo cha 4.6 hivi, yaani eneo la milimita za mraba 28. Kikilazwa juu ya ukucha wa kidole kidogo cha mtu mzima, hakiufuniki. Sony RX100, iliyotolewa mwaka 2012 ikiwa na gramu 240, ina kihisi kiitwacho cha inchi 1, chenye eneo la milimita za mraba 116, na lenzi inayoanzia namba ya f 1.8. Ukizidisha tofauti ya eneo la kihisi kwa tofauti ya tundu, ambayo kwa P900 huanzia 2.8, hupatikana kwamba kikamera hicho kinachotoshea katika kiganja, lenzi zote mbili zikiwa hazijavutwa, hukusanya takriban mara 10 ya mwanga unaokusanywa na kamera yenye uzito karibu mara nne ya wake, kwa muda uleule wa kupokea mwanga. Zumu ya RX100, hata hivyo, hufika milimita 100 tu.

Kwa hiyo swali la kwanza si kamera inavuta hadi wapi, bali kazi itafanyika katika mwanga gani. Picha nyingi zinazoagizwa Kasungami na kulipiwa ni za watu, na sehemu kubwa ya hizo hupigwa chini ya paa: kwaya kanisani, ubatizo, sherehe ya arusi iliyoanza mchana na kuendelea usiku, msiba, mtoto aliyemaliza shule. Katika ukumbi wenye madirisha machache na balbu mbili tatu, na pengine umeme wa shirika la SNEL ukiwa umekatika na jenereta ikiendesha taa pamoja na muziki, mtu anayecheza huhitaji kilango cha kamera kifunguke kwa muda usiozidi sehemu ya 1/125 ya sekunde ili asitoke na uso uliofifia. Kamera yenye tundu jembamba italazimika kufidia upungufu wa mwanga kwa kupandisha ISO, yaani kuikuza kwa nguvu ishara dhaifu inayotoka kwenye kihisi, na pamoja na ishara hukuzwa pia chembechembe za rangi ambazo programu ya kamera huzifuta kwa kuisawazisha ngozi hadi ikafanana na plastiki. Ngozi nyeusi huumia zaidi katika mchakato huo, kwa kuwa maelezo yake mengi yamo katika sehemu za kivuli, ambazo ndizo zenye ishara dhaifu kuliko zote. Taa ya kamera husaidia kwa mita chache za mbele, huku nyuma kukibaki giza tupu.

Umbali nao una kazi zake za kweli. Mzazi aliyeketi nyuma siku ya kutangazwa matokeo ya shule hawezi kusogea mbele kila jina linapotajwa, na shabiki aliye jukwaani katika uwanja wa klabu ya TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011 katika komini ya Kamalondo, hana ruhusa ya kushuka hadi kwenye nyasi. Lakini hata hapo hesabu hushangaza. Mchezaji aliye umbali wa mita 60, akipigwa kwa lenzi ya kipimo cha milimita 400, hukaa katika fremu yenye upana wa mita 5.4 na kimo cha mita 3.6, yaani mwili mzima pamoja na mpira na mpinzani wake. Kwa milimita 2000 hubaki kichwa na mabega, tena akikimbia hatapatikana kabisa ndani ya kitazamio. Kwa mpira wa miguu, Panasonic Lumix FZ1000 ya mwaka 2014, ambayo ni nene, ina gramu 831 na huishia milimita 400, lakini ina kihisi cha inchi 1 na tundu la f 4 mwisho wa zumu, inazishinda zile zenye namba kubwa kwenye boksi. Milimita 1000 na zaidi zinahitajika kwa ndege wa miombo, kwa swala na pundamilia wa hifadhi ya Upemba, na kwa mwezi. Anayekwenda Upemba au hifadhi ya Kundelungu mara kwa mara ana haki ya kubeba P900 na kufurahi nayo.

Afahamu lakini kwamba hewa ya Katanga yenyewe ina kauli yake. Wakati wa kiangazi moshi wa mioto ya porini hutanda, na Septemba na Oktoba, joto linapopanda kabla ya mvua, hewa iliyo juu ya ardhi hutikisika kiasi kwamba kitu kilicho umbali wa kilomita moja huonekana kama kimo ndani ya maji. Hakuna lenzi inayoweza kuirekebisha hewa hiyo, na zumu ndefu huikuza pamoja na kitu chenyewe. Mkono nao hutikisika: kanuni ya zamani inataka milimita 2000 zipigwe kwa sehemu ya 1/2000 ya sekunde, na ingawa mfumo wa kutuliza mtikisiko huruhusu kushuka hadi kama 1/60, mfumo huo hautulizi ndege wala mtoto. Hapa kitazamio cha kuwekea jicho si pambo, kwa kuwa kamera iliyobanwa kwenye shavu hutulia kuliko iliyonyooshewa mikono, na kwa kuwa jua la mchana hukifanya kioo cha nyuma kisisomeke.

Vumbi ni adui wa aina zote mbili kwa usawa. Lenzi inayochomoza na kurudi hufanya kazi ya pampu, ikivuta hewa ndani kila inaporefuka, na katika barabara za udongo mwekundu, kuanzia Mei mvua zinapokuwa zimekatika, hewa hiyo ina vumbi laini linalofika hadi kwenye kihisi. Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilishwa, kihisi hupanguswa. Kwa hizi zisizobadilishwa, ni lazima umbo zima lifunguliwe na fundi, na gharama ya fundi mara nyingi hukaribia bei ya kamera iliyotumika. Mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, na mazoea ya kuizima kamera pikipiki inapopita, huokoa zaidi kuliko dhamana yoyote ya dukani.

Kuhusu betri, mtengenezaji wa P900 hukadiria picha 360 kwa chaji moja, na wa SX740 picha 265. Palipo na ukatikaji wa umeme, betri ya pili si anasa. Baadhi ya kamera nene za bei nafuu, mfano Nikon Coolpix B500 ya mwaka 2016, hutumia betri nne za AA zinazouzwa hata kwenye kibanda cha mkate na sukari, lakini zile za bei rahisi kabisa huishiwa nguvu baada ya picha chache, na zinazofaa ni za kuchajiwa.

Jambo la ukubwa lina upande wa kijamii pia. Kamera nene huongeza heshima ya mpiga picha mbele ya mteja, na pengine malipo. Huongeza vilevile macho ya wezi jioni, na maswali ya maafisa wa usalama karibu na ofisi za serikali, kambi, uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa, mahali ambapo kupiga picha bila kibali kunaweza kumletea mtu matatizo. Kamera ya mfukoni hupita kimya, ila inapaswa kujitetea mbele ya simu, ambayo imeua ndugu zake wengi: kamera za kidijitali zilizosafirishwa na viwanda duniani zilizidi milioni 120 mwaka 2010, na kufikia mwaka 2020 hazikufika milioni 10. Kamera ya mfukoni yenye kihisi kidogo na zumu fupi haina tena sababu ya kununuliwa na mtu mwenye simu nzuri. Yenye kihisi cha inchi 1 bado inayo.

Kwa kuwa nyingi ya kamera hizi sasa hupatikana zikiwa zimetumika, mnunuzi aombe kuijaribu kabla ya kutoa dola. Airefushe zumu hadi mwisho na kuirudisha mara kadhaa, akisikiliza kama kuna mkwaruzo wa mchanga. Apige anga tupu kwa namba ya f kubwa kuliko zote, kisha aikuze picha kwenye kioo: madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi lililo juu ya kihisi, na hiyo ni sababu tosha ya kuirudisha kamera mezani. Mwisho amwombe muuzaji azime taa za duka, kisha yeye mwenyewe ampige muuzaji picha usoni bila taa ya kamera, na aulinganishe uso huo kwa ukaribu na uliopigwa na kamera nyingine iliyo rafuni. Mwenye kazi za kanisani na arusini achukue ile iliyouonyesha uso vizuri zaidi, hata ikiwa ndiyo ndogo.